Anza na matairi kwanza, spesa baadaye
Kaka umeuliza uinue Subaru Forester yako inchi 2 na uweke matairi makubwa ya kwendea shamba, mi nakushauri anza na matairi tu. Kama gari ina matairi ya saizi 225/60R17 weka 225/65R17 za AT (all-terrain, za lami na njia mbaya), gari inapanda kama milimita 11 hivi, ila spidi mita ikisoma 100 ujue uko kwenye 103. Badilisha zote nne, na spea pia, maana AWD (gari inayosukuma magurudumu yote manne) haipendi kabisa saizi tofauti. Ukiona bado inakwaruza chini ndo uweke spesa za shokapu (vipande vya kuinua gari vinavyowekwa juu ya shokapu), inchi 1 inatosha, ukizidisha sivii joint (viungo vya ekseli za kuzungusha magurudumu) zinakaa kwa pembe kali zinaisha mapema, halafu ukitoka kwa fundi pitia alaimenti (kunyoosha magurudumu) siku hiyohiyo tafadhali