Maswali ya Wasomaji: Kutoka Mbao za Michezo hadi Lara Croft

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni seremala, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikichonga mbao za bao na kuziuza kwa wenyeji na watalii. Sasa nimebuni mchezo wangu mwenyewe wa mezani, wenye ramani, kadi na dadu. Nimesikia kwamba Ian Livingstone wa Uingereza, mtu mkubwa katika michezo ya kompyuta, naye alianzia kwenye mbao. Je, ni kweli, na je, njia yake inafuatika kwa mtu asiye na mtaji mkubwa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli, na litakalokufurahisha zaidi ni kwamba miongoni mwa mbao hizo zilikuwamo za mankala, ukoo uleule wa michezo ambao bao letu limo ndani yake. Mwaka 1975 Livingstone na rafiki zake wawili, Steve Jackson na John Peake, walianzisha Games Workshop, kampuni iliyoanza kwa kutengeneza mbao hizo, katika nyumba ya kupanga huko Shepherd's Bush, London. Mwenye mkono wa useremala alikuwa Peake. Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu wengi huisimulia habari hii kama habari ya ubunifu, ilhali miaka yake ya mwanzo ilikuwa ya biashara tupu.

Vijana hao walikuwa wakitoa jarida dogo liitwalo Owl and Weasel, na nakala yake moja ilimfikia Brian Blume wa TSR, kampuni ya kuchapisha michezo nchini Marekani, ambaye aliwapelekea Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka mwaka 1974 ambamo wachezaji hujivika uhusika wa mashujaa na dadu huamua mengi ya yatakayowapata. Wakaagiza nakala 6 tu, na kutokana na agizo hilo dogo wakapata haki ya kuwa wasambazaji pekee wa mchezo huo barani Ulaya kwa miaka 3. Peake, ambaye mchezo huo haukumvutia hata kidogo, alijitoa mwaka 1976. Wateja waliokuja kugonga mlango wakidhani kuna duka walimchosha mwenye nyumba, vijana wakatolewa, na kwa muda wakawa wanalala ndani ya gari la Jackson. Jarida lao kubwa zaidi, White Dwarf, lilianza mwaka 1977, na duka lao la kwanza likafunguliwa Hammersmith mwaka 1978. Mpaka hapo jina lao lilikuwa limejengwa kwa kuuza mchezo uliobuniwa na wengine, lakini walikuwa wamepata kitu ambacho wabunifu wengi hawanacho, yaani umma wa wachezaji waliowafahamu na kuwaandikia barua.

Ni umma huo uliowabeba mwaka 1982, wakati Livingstone na Jackson walipochapisha The Warlock of Firetop Mountain kupitia Puffin, tawi la vitabu vya watoto la Penguin. Mhariri wa Penguin alikuwa ametaka kitabu cha kuelezea michezo hii ya kujivika uhusika. Wao wakapendekeza kitabu ambacho chenyewe ni mchezo. Msomaji huchagua njia, huambiwa aende kwenye aya fulani kati ya aya 400, na hupigana na mazimwi kwa penseli na dadu mbili. Waligawana kazi, mmoja akaandika nusu ya kwanza na mwingine nusu ya pili. Mfululizo huo, Fighting Fantasy, umeuza zaidi ya nakala milioni 20. Kwa maoni yangu hiki ndicho kilele cha Livingstone kama mbunifu, kuliko lolote alilofanya baadaye kwenye kompyuta.

Mwaka 1991 waliiuza Games Workshop, ambayo mwishoni mwa mwaka 2024 iliingia katika orodha ya kampuni 100 kubwa zaidi kwenye Soko la Hisa la London. Anayependa kuhesabu fedha za wengine atasema waliuza mapema. Livingstone mwenyewe alikwisha kugeukia upande mwingine: mwaka 1993 alirudi kama mwekezaji na mjumbe wa bodi katika Domark, kampuni ya michezo ya kompyuta aliyoibunia mchezo katika miaka ya 1980, nayo mwaka 1995 ikawa sehemu kubwa ya Eidos Interactive.

Kuhusu kufuatika kwa njia hiyo: haki ya kusambaza Ulaya nzima ilikuwa bahati, na huwezi kuipanga. Lakini wanunuzi wako wa mbao za bao unao tayari. Tengeneza nakala chache, zipeleke kwenye baraza wanakochezea bao, kaa pembeni, na uwaache wacheze bila wewe kuwaelekeza. Wakikwama, kanuni zako hazijaandikika vizuri. Usichapishe kadi za rangi kwa wingi kabla ya hapo, kwa maana uchapaji utakula mtaji wote.

SWALI: Je, ni Livingstone aliyembuni Lara Croft, shujaa wa mchezo wa kompyuta wa Tomb Raider?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapana. Lara Croft ni kazi ya Toby Gard na wenzake wa Core Design, mjini Derby. Studio hiyo iliingia mikononi mwa Eidos mwaka 1996, mwaka uleule Tomb Raider ilipotoka, na Livingstone ndiye aliyekuwa mwenyekiti mtendaji. Sifa yake hapo ni ya mchapishaji, nayo si ndogo.

SWALI: Nikimwonyesha mchapishaji mchezo wangu, sheria itanilinda asiuibe?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Kwa sehemu tu. Hakimiliki hulinda maandishi ya kanuni zako, michoro na ramani, lakini hailindi wazo wala namna ya kucheza. Jina la mchezo linaweza kusajiliwa kuwa alama ya biashara, kwa Tanzania Bara kupitia BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Livingstone na mwenzake walitegemea mchezo wa TSR kwa miaka, na haki hiyo ya kusambaza ilikuwa na mwisho; Warhammer, mchezo wa vita wa sanamu ndogo waliyoitoa mwaka 1983 chini ya kampuni yao wenyewe, ndiyo inayoilisha Games Workshop hadi leo. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, soma kifungu kinachosema ni nani atakayemiliki jina, na mkataba utakapokwisha haki zitarudi kwa nani.