Kuhusu albamu ya The Black Keys ya 2025: je, kweli imesafishwa mno?

Assalaam alaykum. Ndugu yetu ameuliza kwa nini wahakiki waligawanyika juu ya No Rain, No Flowers, albamu ya The Black Keys, kundi la roki la Marekani, ya mwaka 2025, na kama lawama ya kwamba imelainishwa kupita kiasi ni ya haki. Nitajibu kama mpigaji, kwani nimepiga sanduku, yaani besi ya uzi mmoja, katika kidumbaki, muziki wetu wa harusi, kwa miaka 12 hapa Unguja, na lawama hiyo naifahamu vizuri.

Kundi hilo ni la watu wawili tu wa Akron, Ohio: Dan Auerbach, anayeimba na kupiga gitaa, na Patrick Carney wa ngoma. Albamu yao ya 2003 waliirekodi kwa muda wa saa 14 hivi katika chumba cha chini ya ardhi nyumbani kwa Carney, na ya 2004 wakairekodi ndani ya kiwanda cha matairi kilichokwishafungwa. Kwa kuwa hawana mpiga besi, gitaa hulazimika kushuka kuishika kazi hiyo, na ngoma haina pa kujificha. Msikilizaji aliyewapendea ukavu huo hawezi kulaumiwa akiutafuta tena.

Kidumbaki nacho ni fidla, sanduku, vidumbaki viwili (ngoma ndogo), cherewa (manyanga) na mkwasa (vijiti vya kugonganisha), basi. Sanduku lina uzi mmoja na fimbo. Ukiivuta fimbo uzi hukaza na sauti hupanda, ukiilegeza hushuka, na mkono wako unafuata viuno vya kina mama wanaozunguka mbele yako. Katika harusi moja ya mtaa wa Ng'ambo, hapa mjini Unguja, tulileta kinanda chenye besi yake ndani, tukiamini kwamba tunawaongezea watu raha. Nilipiga usiku kucha na hakuna aliyenisikia. Bibi mmoja akanisogelea, akaweka kiganja juu ya sanduku na kuniuliza, "Mwanangu, mbona leo halisemi?" Swali lile liliniuma, maana nilijua kwamba lilikuwa linasema, ila halikuachiwa nafasi.

Ndiyo maana naona wahakiki wakali wamepatia nusu. Wamesikia kweli kwamba kuna kitu kimepungua, lakini wanawatupia lawama wageni walioalikwa kutunga, akiwemo Rick Nowels, na Scott Storch anayejulikana kwa vinanda. Wageni si kosa. Albamu yao ya 2010, iliyorekodiwa kwa sehemu kubwa huko Muscle Shoals, Alabama, na kushinda Grammy, ina besi na vinanda, na bado kila pigo la Carney linasikika likitua peke yake, kwa sababu vilivyoongezwa vimekaa nyuma yake. Katika hii ya 2025 mara nyingi vinanda vinafika kabla gitaa halijamaliza kusema. Tuni zenyewe ni nzuri, na waliozisifu hawakukosea.

Ndugu yangu, isikilize kwa spika yenye besi ya kutosha, si kwa simu, kisha weka ile ya 2010 papo hapo. Fuata ngoma peke yake katika nyimbo 3 za mwanzo za kila moja, uniambie ni wapi ulipoipoteza.