Nikikataa kusaini mimi, si atasaini mwingine?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mtunza stoo ya dawa hospitalini. Miezi michache iliyopita nililetewa hati nisaini kwamba mzigo umepokelewa wote, kumbe ulikuwa pungufu. Nikakataa. Naamini Mungu anaona, sina sababu nyingine. Tangu hapo naitwa mnoko na mlokole, salamu zangu haziitikiwi. Mume wangu anaogopa nitafukuzwa. Kiongozi wetu wa dini ameniambia niombe tu, mengine nimwachie Mungu. Kinachoniuma zaidi, hati ileile mwenzangu aliisaini jioni yake. Sasa imani yangu imebadili nini?
Mnoko

Marahaba, mwanangu.

Nisikudanganye: dawa za siku ile hukuziokoa. Zilikwenda. Ila angalia kilichotokea baada ya wewe kukataa. Awali karatasi ilipita mezani kwako kama karatasi nyingine yoyote. Sasa inabidi mtu atafutwe, abembelezwe, pengine apewe cha juu, na yeye mwenyewe anajua fika kwamba kuna aliyeikataa. Wizi wa stoo huishi kwa mazoea. Wewe umeyakatiza, ndiyo maana wamenuna. Ungekuwa hujabadili kitu, wangekusalimia.

Umewahi kumsikia Chiune Sugihara? Naye alikuwa mtu wa kalamu na mihuri. Mwaka 1940 aliongoza ubalozi mdogo wa Japani mjini Kaunas, Lithuania, na Wayahudi waliowakimbia Wanazi wa Ujerumani huko Poland wakajaa getini kwake wakitaka viza za kupitia Japani. Aliomba ruhusa kwa wizara yake mara tatu, akanyimwa. Alikuwa Mkristo wa Kiorthodoksi. Akashauriana na mkewe Yukiko, kisha akaanza kuandika. Wiki kadhaa, kwa mkono, viza zaidi ya 2,000, hadi ubalozi ulipofungwa.

Wengi huishia hapo, na mimi hadithi za shujaa wa peke yake zinanichosha. Mjini humohumo alikuwapo Jan Zwartendijk, mfanyabiashara aliyepewa kushika ubalozi mdogo wa Uholanzi. Yeye ndiye aliyewaandikia wakimbizi kwamba kuingia Curaçao, kisiwa cha Karibi kilichokuwa koloni la Uholanzi, hakuhitaji viza. Viza ya kupita lazima ionyeshe mtu anakwenda wapi. Bila karatasi ya Mholanzi, muhuri wa Mjapani usingekuwa na pa kushika, na bila Wasovieti kuwaruhusu wapite nchini mwao, karatasi zote mbili zingekuwa bure. Kila mmoja alifanya kipande kilichokuwa mezani pake.

Na hawakuoneshwa matokeo. Sugihara aliondolewa wizarani mwaka 1947, na ni mwaka 1968 ndipo mmoja wa waliookoka alipompata. Zwartendijk alifariki mwaka 1976, miaka 21 kabla Yad Vashem, jumba la Israeli la kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, halijamtambua kwa kuwaokoa. Nakwambia haya kwa sababu unaipima imani yako kwa kilichotokea jioni ileile. Huwezi kuona mnyororo mzima ukiwa ndani ya stoo.

Ushauri wa kiongozi wako siukubali wote. Omba, tena sana, maana chuki ya ofisini inachosha mwili na roho. Lakini Mungu amekupa leja pia. Andika kilichoingia kama kilivyoingia, kwa tarehe na idadi, hata kama hati ya mwenzako inasema vingine. Mkaguzi akija atakutana na vitabu viwili visivyolingana, na hapo maswali hayatakuhusu wewe tu. Ukikataa tena, kataa kwa maandishi mafupi yenye adabu kwa mkuu wako: mzigo umepokelewa pungufu kiasi hiki, naomba maelekezo. Usimtaje mwizi. Kuhesabu ndiyo kazi yako, kushtaki kuna wenyewe. Mkuu wako akiwa naye yumo, peleka kwa mkaguzi wa ndani au taasisi ya kupambana na rushwa, na uulize kwanza jina lako litalindwaje. Vikundi vya WhatsApp usiviguse kabisa.

Yule aliyesaini usimfanye adui. Huenda naye aliambiwa atapoteza kazi. Msalimie tu, hata asipoitikia; siku moja atahitaji mtu wa kumwambia kwamba hataki tena, na wawili wakikataa ni shida kubwa kwao kuliko mmoja.

Mume wako je? Hajakosa imani, anaogopa njaa, na hofu hiyo ni ya haki. Sugihara alishauriana na mkewe kabla ya kushika kalamu. Wewe nahisi ulikataa kwanza ndipo ukamweleza. Kaeni chini mpige hesabu: mshahara wako ukikatika, mtaishi muda gani, na nani atawashika mkono? Ukimjibu kwa aya za kitabu kitakatifu wakati anauliza habari za kodi ya nyumba, utampoteza.

Jambo moja hukuliuliza, lakini litakuja: wanaweza kukuhamisha. Usiondoke hivihivi. Dai makabidhiano ya maandishi, mhesabu dawa pamoja na anayepokea, kasha kwa kasha, msaini wote wawili, na nakala moja ibaki kwako.

Shangazi