Asidi ya betri kwenye boila ya treni ndogo: usiifungue hiyo chupa

Ndugu, usiifungue hiyo chupa. Umesema mjomba wako, Mungu amrehemu, amekuachia injini ndogo ya mvuke ya reli ya inchi 5 (upana kati ya reli na reli), na ukichungulia ndani ya boila unaona ukoko wa chokaa kama sufuria iliyounguza wali. Fundi wa magari hapo Mombasa kakwambia uchukue asidi ya betri, uipunguze kwa maji, uimimine ndani ilale humo, asubuhi shaba itang'aa. Ukauliza pia mafuta ya silinda, paking za pistoni, na rangi ya dohani inayostahimili moto. Hayo yatangoja; tuanze na asidi, maana ukikosea hapo hutakuwa na injini ya kutia mafuta.

Hicho unachotaka kufanya mimi nilikifanya mwaka 2011, nikiwa Kent, kusini mashariki mwa Uingereza. Maji ya bomba ya kule yanatoka kwenye miamba ya chaki. Birika la chai halimalizi mwezi kabla halijaota gamba jeupe. Aliyeniuzia injini alikuwa akiijaza maji hayo hayo miaka nenda miaka rudi. Kwenye klabu yetu kulikuwa na mzee mmoja aliyeheshimika, na neno lake lilikuwa kama sheria. Akaniambia, "Tia asidi ya betri. Sisi tumeitumia miaka arobaini." Nikamwamini. Nilikuwa mgeni, yeye ametengeneza injini sita, ningembishia kwa lipi?

Nikamimina. Ikachemka povu hadi likatoka kwenye tundu la vali ya usalama. Baada ya nusu saa povu likatulia, likakoma kabisa. Nikafurahi, nikasema chokaa yote imekwisha.

Hapo ndipo nilipopotea, kwa hiyo soma taratibu. Asidi ya betri ni salfuriki. Ikikutana na chokaa haiiyeyushi ikatoka nayo. Inaigeuza kuwa jasi, ile ile ya dari na ya kufungia mfupa uliovunjika. Jasi haiyeyuki kwa urahisi, na inajijenga juu ya chokaa kama ngozi mpaka asidi isiweze tena kupenya chini. Ndiyo maana povu hukoma. Chokaa ipo pale pale, imevaa koti tu. Kama huniamini, tia ganda la yai kwenye glasi ya siki na uliache hadi kesho: litaendelea kutoa mapovu mpaka ubaki ule utando laini wa ndani. Kwa asidi ya betri ganda hilo lingefanya kelele kidogo kisha likae kimya, limefunikwa weupe.

Vipande vilivyobanduka juu vikateremka kwenye nafasi ya maji iliyo kati ya kuta mbili za tanuri, chumba cha moto. Kwenye injini ya ukubwa huo nafasi hiyo ni milimita 8 au 10 tu. Vikakaa pale chini pamoja na jasi, vikashikana. Mimi nikasuuza mara mbili, maji yakatoka meupe kidogo, nikafunga plagi, vile vizibo vya matundu ya kuoshea, Jumapili nikawasha moto.

Dalili ya kwanza niliiona nikaipuuza, na ndiyo inayonitisha mpaka leo. Glasi ya kuonyesha maji ilisimama nusu na haikutikisika. Injini ikienda, maji kwenye glasi hucheza, hupanda na kushuka. Yangu yalikuwa yametulia kama picha ukutani. Kumbe tundu la chini la glasi lilikuwa limezibwa, na kile nilichokisoma hakikuwa na uhusiano wowote na maji yaliyomo ndani. Ukiona hivyo, toa moto saa hiyo hiyo, usingoje kumaliza mzunguko.

Mzunguko wa tatu nikasikia mlio kama samaki anayetiwa kwenye mafuta ya moto. Maji yalikuwa yakidondokea makaa. Nikakokota moto wote nje nikaiacha ipoe.

Nilipompelekea fundi wa boila akaijaza maji baridi na kuisukuma presha. Kule boila iliyokwisha kutumika hupimwa kwa maji hadi mara moja na nusu ya presha yake ya kazi; yangu ilikuwa ya psi 90 (paundi kwa inchi ya mraba), kwa hiyo ilitakiwa ifike 135. Haikufika hata 60. Ilivuja kwenye stei, vile vijiti vinavyoshikanisha kuta mbili za tanuri. Akaikata anionyeshe. Chini ya tanuri pande zote mbili kulikuwa na jasi ngumu iliyojaa tele. Maji hayakuweza kufika pale, shaba ikapata moto bila kitu cha kuipooza, ikalainika na kubenuka kati ya stei na stei kama mto wa kulalia. Kisha akanishikisha bushi mbili, zile pete za boila ambamo vali na vifaa vingine hufungwa. Aliyeijenga boila alitumia brasi, ambayo ni shaba yenye zinki, badala ya bronzi, shaba yenye bati, na asidi ilikuwa imenyonya zinki yote ikaacha kitu chekundu chenye vitundu, laini kama biskuti iliyochovywa chai. Vali ya usalama ilikuwa imejishikiza kwenye kitu hicho. Na watoto walikuwa wamepanda nyuma yangu Jumapili ile.

Boila mpya: pauni 2,900, na miezi kumi na moja ya kungoja. Mke wangu aliuliza kama kwa bei hiyo treni itatufikisha Nairobi.

Yule mzee nilimrudia. Akajibu bila hata kupepesa kwamba yeye alikuwa anazungumzia boila mpya. Kweli, wajenzi huichovya shaba kwenye salfuriki hafifu wakishaiunga kwa solda ya fedha, kutoa kutu na unga wa kuungia. Shaba mpya haina chokaa! Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa, na yeye alizijua tofauti zake, ila alipoulizwa na mgeni alijibu nusu akaendelea kunywa chai yake. Mpaka leo hilo linanikera kuliko zile pauni. Na fundi wako wa magari, bila kumvunjia heshima, anajua betri. Tangu lini amefungua boila?

Basi kanuni yangu ni moja: ndani ya boila yenye chokaa isiingie asidi yoyote isipokuwa ndimu ya unga. Ile ile ya dukani ambayo mama zetu hutia kwenye achari. Gramu 50 kwa kila lita ya maji ya vuguvugu, si ya kuchemka, wala usiwashe moto chini yake. Acha matundu ya juu wazi kabisa, kwa sababu chokaa inayoyeyuka hutoa gesi, na gesi kwenye boila iliyofungwa ni presha. Povu likikoma, usifanye kosa langu: mwaga, chungulia kwa tochi, tia nyingine mpya. Usiiache ilale humo, maana nayo ikishiba chokaa huanza kuacha unga mweupe. Mimi hubadilisha kila baada ya saa moja au mbili, hata mara tano. Kila ukimwaga, ingiza waya wa shaba kwenye plagi za chini ukwangue pembe za tanuri, kisha sukuma maji kwa mpira wa bustani mpaka yatoke maangavu kama ya kunywa. Mwisho suuza na maji yenye magadi, kijiko cha chai kwa lita, kisha maji matupu. Fungua na matundu ya glasi, yapitishe waya.

Marehemu baba alifanya kazi shedi ya Mombasa enzi za magarati, injini kubwa za mvuke za daraja la 59, kama ile Mount Gelai iliyopo makumbusho ya reli Nairobi. Hata yale majitu yalikuwa yakipoozwa, yanafunguliwa plagi na kuoshwa matope kwa maji ya presha, zamu kwa zamu. Baba alikuwa akisema matope huoshwa, jiwe huchongwa.

Na usiijaze maji ya kisima. Visima vya hapo vinapita kwenye matumbawe, hiyo ni chokaa tupu na chumvi juu. Kinga maji ya mvua, acha mvua ya kwanza isafishe bati, yachuje kwa kitambaa.

Kabla ya kuwasha moto tafuta mtu aipime kwa presha ya maji, hata kama inaonekana nzima. Leo toa plagi za chini, piga picha ndani kwa tochi uziweke hapa, na kwangua bushi moja kwa ncha ya kisu tuone ni ya njano, yaani brasi, au nyekundu. Chupa ya asidi kama bado ina lakiri, mrudishie mwenye duka kesho asubuhi.