Kabla ya kuuliza kama unafuatiliwa, jiulize nani ameishika simu yako

Natengeneza simu, na swali linaloletwa kwangu sana siku hizi halihusu kioo wala chaji. Mtu anaingia, anavuta kiti, anashusha sauti: "Fundi, hebu niangalizie, nahisi simu yangu inafuatiliwa." Kichwani mwake kuna mdukuzi aliyekaa mbele ya kompyuta tatu kwenye chumba chenye giza. Mimi huanza kwa kumuuliza: tangu uinunue, nani ameishika ikiwa imefunguliwa? Na nani anaijua paswedi yako? Kuanzia hapo huwa tunaelewana.

Wadukuzi wa aina ile wapo, sikatai. Pegasus, programu ya kijasusi ya kampuni ya NSO Group ya Israel, ilinaswa na watafiti wa Citizen Lab, maabara ya Chuo Kikuu cha Toronto, Canada, mwaka 2016, na mwaka 2019 WhatsApp ilikwenda mahakamani ikidai kwamba watumiaji wake wapatao 1,400 walilengwa. Miongoni mwa waliolengwa na programu hiyo ni waandishi wa habari, wanasheria na wanaharakati. Kama wewe ni wa kundi hilo, usiishie kwa fundi kama mimi. Tafuta watu waliobobea katika kulinda watu wa kazi yako, na kama unatumia iPhone, washa ule ulinzi mkali uitwao Lockdown Mode ambao Apple iliuleta mwaka 2022 kwa ajili ya hatari za namna hiyo. Sisi wengine, anayetufuatilia ana jina tunalolijua. Ni mume, mke, mchumba wa zamani, ndugu asiyejua mipaka, bosi. Utaalamu hahitaji. Anahitaji dakika chache ukiwa bafuni.

Dada mmoja aliniletea simu yake baada ya kuachana na mumewe. Akienda kwa rafiki, ujumbe unaingia: "Umekaa sana hapo." Akibadilisha njia ya kwenda kazini, jamaa anajua. Alikuwa ameshafuta programu karibu zote, ameshabadilisha laini, na alikuwa tayari kuitupa simu. Nilipekua kila kona, sikuona programu yoyote ya kijasusi. Nikamwambia afungue akaunti yake ya Google tusome pamoja. Barua pepe ile ilifunguliwa na mume siku alipomnunulia simu. Namba ya kurejesha paswedi ilikuwa ya mume. Kwenye orodha ya vifaa vilivyoingia kulikuwa na simu mbili: yake, na nyingine ambayo aliitambua kwa jina tu. Picha, kalenda, namba za watu, mahali simu ilipo, vyote vilikuwa vinasomwa na watu wawili. Angenunua simu mpya na kuingiza akaunti ileile, jamaa angehama naye.

Ndiyo maana naanzia kwenye akaunti, simu baadaye. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti yako ya Google au Apple, usome orodha ya vifaa kimoja kimoja. Usichokitambua, kitoe. Kisha usiridhike na kubadilisha paswedi peke yake. Angalia namba ya simu na barua pepe ya kurejesha akaunti, maana wengi hukwama hapo: asubuhi unabadilisha paswedi, mchana mwenzio anabonyeza "nimesahau paswedi", msimbo unatumwa kwenye namba yake, jioni ameshaingia tena. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, na msimbo uje kwenye kifaa unachokishika wewe tu. Akaunti ikiwa ilifunguliwa na mtu mwingine, achana nayo kabisa, fungua yako. Ni usumbufu, najua, hasa kwa mwenye picha za miaka mingi humo. Nakili picha, uondoke.

Baada ya hapo nenda WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Kuunganisha kompyuta ni suala la kuelekeza kamera ya simu kwenye ule mraba wa madoadoa, sekunde chache, basi. Nimeshaona mtu ambaye hajawahi kumiliki kompyuta maishani mwake akisoma kwenye simu yake mwenyewe: Windows, mara ya mwisho kutumika, jana usiku. Kifaa kilichounganishwa kinaendelea kupokea ujumbe hata simu yako ikiwa imezimwa, na kinakatika chenyewe pale simu inapokaa zaidi ya siku 14 bila kutumika. Hapohapo angalia kama unamshirikisha mtu mahali ulipo, kwenye WhatsApp na kwenye Google Maps. Watu huwasha siku ya safari, wakamaliza safari, wakasahau.

Sasa, kabla hujakimbilia kufuta na kukata, nakuomba usome aya hii polepole. Ukimtoa anayekufuatilia, atajua. Skrini yake itakosa habari ghafla, na mtu aliyezoea kukutawala akikosa habari zako anaweza kuja kuzifuata kwa miguu. Kama amewahi kukupiga au kukutishia, usiguse chochote kwanza. Tumia simu ya mtu unayemwamini kuomba msaada na kupanga pa kwenda. Vipige picha vyote unavyoviona, orodha ya vifaa, ujumbe, tarehe na saa, kwa kutumia simu nyingine, maana picha ya skrini iliyopigwa kwenye simu yako inaweza kupanda moja kwa moja kwenye akaunti anayoisoma. Ushahidi huo utauhitaji polisi au mahakamani, na ukishafuta haurudi. Mipango ikishakamilika, kata vyote kwa mkupuo, ukiwa mahali salama. Mimi mteja wa namna hiyo simfanyii kazi haraka hata akinihimiza.

Programu za kijasusi za wapenzi wenye wivu nazo zipo, na zinauzwa waziwazi kwa kisingizio cha kulinda watoto. Mwaka 2021 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliipiga marufuku kampuni ya SpyFone kufanya biashara hiyo. Kwenye Android huwekwa na mtu aliyeishika simu yako kwa mkono, hazina alama kwenye skrini, na hujipa majina ya kuchosha macho, kitu kama "huduma ya mfumo". Jina lisikushughulishe. Tafuta ruhusa. Ingia kwenye mipangilio, angalia ni programu zipi zimepewa zana za ufikivu (Accessibility, ruhusa ya kusoma skrini yako), zipi ni wasimamizi wa kifaa, na zipi zinaruhusiwa kusoma arifa zako. Programu halali zinazohitaji mambo hayo ni chache, na mwenye simu kwa kawaida anazijua. Angalia pia kama Play Protect, mlinzi wa Google anayekagua programu kwenye simu, imezimwa. Kama hukuizima wewe, basi kuna aliyeizima. Dawa ya uhakika ni kuirudisha simu kwenye hali ya kiwandani, kisha uingize programu upya moja moja badala ya kurejesha kila kitu kutoka kwenye nakala ya zamani. Kwenye iPhone kuweka programu za namna hii ni vigumu kwao, kwa hiyo wanarudi kulekule kwenye paswedi ya akaunti ya Apple.

Niseme na hili maana linanichosha. Simu kupata moto na chaji kuisha haraka si ushahidi. Betri ikizeeka hufanya hivyohivyo. Na ile *#21# inayosambazwa kwenye magrupu kwamba ukiipiga utaonyeshwa kama umedukuliwa, inaonyesha tu kama simu zinazokuingia zinahamishiwa namba nyingine. Inafaa kuijua, kwa sababu mtu anaweza kweli kuhamisha simu zako zije kwake, na ##002# hufuta uhamishaji huo wote. Lakini haioni programu, haioni akaunti, haioni lolote kati ya niliyoyaeleza.

Kuna wafuatiliaji wengine wasiokujua jina, wanaotaka kukuuzia vitu. Hawa hawana haja ya kusikiliza maongezi yako, ingawa kila mtu ana kisa cha kutaja viatu na tangazo la viatu kuja. Mwenzako wa nyumbani alitafuta viatu kwenye intaneti ileile mnayotumia, simu zenu zinalala mahali pamoja, inatosha. Televisheni yako pia inashiriki. Mwaka 2017 Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kwa kukusanya yale ambayo watu walikuwa wakitazama kwenye televisheni zake, sekunde kwa sekunde, bila idhini yao, televisheni milioni 11. Kazima utambuzi wa maudhui kwenye mipangilio ya televisheni, kafute kitambulisho cha matangazo kwenye simu, kanyang'anye ruhusa ya mahali programu zisizohitaji kujua ulipo. Tochi haihitaji kujua ulipo. Kazi hiyo ni ya jioni moja, na nimeipa aya moja kwa makusudi, kwa sababu watu wengi hupambana na mtangazaji miaka nenda rudi huku mtu mwenye paswedi yao anakula nao meza moja.

Tatizo ni kwamba data iliyokusanywa kwa ajili ya jambo moja haikai hapo. Strava, programu ya wakimbiaji, ilichapisha ramani ya dunia ikionyesha njia ambazo watumiaji wake hukimbilia. Mapema mwaka 2018 watu wakagundua kwamba katikati ya majangwa ya Syria na Afghanistan kuna miduara inayong'aa: wanajeshi walikuwa wakifanya mazoezi kuzunguka kambi zao wakiwa na saa mkononi. Kama hujafunga wasifu wako kwenye programu ya mazoezi, njia yako inaanzia na kuishia mlangoni kwako, kila asubuhi, saa ileile. Kaifunge, na ficha mwanzo na mwisho wa njia. Picha nazo zina habari. Desemba 2012 John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi vya kompyuta, alikuwa mafichoni, akisakwa na polisi wa Belize. Jarida likachapisha picha yake ikiwa na vipimo vya mahali ilipopigwa ndani ya faili, na dunia ikajua kwamba yuko Guatemala. Picha ikitumwa WhatsApp kwa kawaida vipimo hivyo huondolewa. Ikitumwa kama dokyumenti, vinakwenda navyo.

Halafu kuna vile vidude vya kutafutia funguo, AirTag na ndugu zake. Kidude chenyewe hakina GPS. Kinatoa mawimbi ya Bluetooth, simu za wapita njia zinayadaka na kupeleka habari kwa mwenyewe, na betri yake ndogo ya duara inakaa kama mwaka. Kikishonwa kwenye bitana ya mkoba wako, huhisi uzito. Tangu Mei 2024 Apple na Google wana utaratibu wa pamoja: kidude kisicho chako kikisafiri nawe, simu inakutahadharisha, iwe iPhone au Android. Kwa hiyo usipuuze ile arifa ukidhani ni tangazo, na usizime Bluetooth moja kwa moja. Ukiipata arifa, bonyeza hapo kwenye simu ili kidude kilie, ukifuate. Wapo wanaokitoa spika ili kisilie, hapo utapekua kwa mikono: chini ya viti vya gari, kwenye tairi la akiba, ndani ya mwanasesere wa mtoto aliotoka nao kwa baba yake. Vifuatiliaji vya magari vyenye laini ya simu ndani ni habari nyingine, hivyo havitoi arifa yoyote. Mpelekee fundi umeme wa magari akague waya za betri na ile soketi ya kupimia iliyo chini ya usukani.

Kuna wanaochoka na yote haya wakarudi kwenye kiswaswadu, ile simu ndogo ya vitufe. Dhidi ya mume mwenye wivu kinasaidia sana, hakina akaunti wala programu ya kuwekewa. Dhidi ya kampuni ya simu hakisaidii: ili upigiwe, mtandao lazima ujue uko chini ya mnara upi, na kumbukumbu hizo huwekwa.

Kwa wazazi: mtoto mdogo kumfuatilia ni uamuzi wako, ila mwambie. Akiwa anajua, akipotea atakaa pale alipo akikusubiri. Akigundua mwenyewe, simu ataiacha kwa rafiki yake na aende anakokwenda. Na saa za watoto zenye uwezo wa kusikiliza kimyakimya yanayosemwa karibu nazo usinunue kabisa. Ujerumani ilizipiga marufuku mwaka 2017, wazazi walikuwa wakizitumia kumsikiliza mwalimu darasani.