Maswali ya Sataranji: Nafasi Ulizozikosa Katika Mapambano Yako

SWALI: Ndugu Mhariri, hucheza sataranji kwenye tovuti ya Lichess karibu kila jioni, mapambano ya dakika kumi kwa kila mchezaji, na kila ninapomaliza huwasha injini ya uchambuzi, yaani programu ya kompyuta inayopima kila hatua. Hunionyesha nafasi nilizozikosa, nami nakubali kwamba zilikuwapo, lakini kesho yake nakosa nyingine za aina ileile. Juzi nilikuwa na kete nyeupe. Nilianza kwa askari e4 (herufi ni safu ya wima ya ubao, namba ni mstari wa mlalo), mpinzani akajibu askari e5; farasi f3, naye askari d6; askofu c4, naye askofu g4, akambana farasi wangu mbele ya malkia; farasi wa pili c3, naye askari g6. Hapo nikasogeza askari d3. Injini ikasema kwamba farasi wa f3 alipaswa kumla askari wa e5. Ningewezaje kuliona jambo hilo ilhali nyuma ya farasi huyo yupo malkia wangu? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, nashukuru kwamba umeandika hatua zote, kwa sababu jibu lako limo ndani yake. Mbinu uliyoikosa ni ya kale. Inaitwa kwa jina la Legall, Mfaransa wa karne ya 18 aliyemfundisha Philidor, mchezaji mashuhuri wa karne hiyo. Farasi anapokula e5, mpinzani akishawishika kumla malkia wako kwa askofu wake, askofu wako wa c4 anamla askari wa f7 na kumpa mfalme cheki, yaani kumshambulia. Mfalme mweusi amebakiwa na mraba mmoja tu, e7, na akifika hapo farasi wako wa pili anaruka d5: pambano limekwisha. Akiwa mwangalifu, akaacha kumla malkia na badala yake akamla farasi kwa askari wa d6, malkia wako anamla askofu wa g4, na katika mabadilishano hayo umepata askari mmoja wa ziada.

Sasa nakuomba uiache injini kidogo ujiulize ulikuwa unafikiri nini ulipomgusa yule askari wa d3. Barua yako yenyewe inaonyesha: uliamini kwamba farasi mwenye malkia nyuma yake haruhusiwi kuondoka. Kanuni za mchezo zinakataza kuondoa kete inayomkinga mfalme. Hazikatazi kuondoa inayomkinga malkia. Umeichukua hadhari nzuri ukaifanya sheria, na kwa sababu hiyo hatua ya farasi haikuingia hata katika orodha ya hatua ulizozipima. Injini haiwezi kukuambia hivyo. Yenyewe inaonyesha hatua bora, lakini wazo lililokuzuia kuitazama hatua hiyo haliandikwi popote isipokuwa ukiliandika wewe, na ukilala usiku mmoja tu utakuwa umelisahau. Ndiyo maana unakosa zilezile: unayasoma majibu ya injini bila kuligusa wazo linalozaa kosa.

Kwa hiyo geuza mpangilio wa kazi yako. Pambano likiisha, kabla ya kuwasha injini, lipitie mwenyewe kuanzia mwanzo, na katika sehemu mbili au tatu ulizosita au ulizocheza bila kufikiri, andika sentensi moja kwenye daftari: nilidhani hivi, niliogopa hivi. Kisha washa injini na uweke hatua yake kando ya sentensi hiyo. Baada ya muda utaona kwamba sentensi zako ni chache na zinajirudia. Wengine daima huacha kutazama mashambulizi yao wanapokuwa wanajilinda, wengine huona hatua sahihi wakaikataa kwa kuwa inatoa kete kubwa, wengine wanaendelea na mpango wao kana kwamba mpinzani hakucheza kitu.

Usiishie hapo. Nafasi uliyoikosa inafundisha zaidi ukiibadilisha kidogo. Rudisha ubao wako mahali palepale, lakini badala ya askari wa g6 mpe mpinzani farasi aliyetoka b8 kwenda c6, halafu jaribu mbinu hiyohiyo. Safari hii farasi wa c6 anamla farasi wako pale e5, kutoka hapo anamkinga askofu wa g4 na kumtishia askofu wako wa c4, nawe umepoteza farasi kwa askari mmoja tu. Anayekariri Legall bila kuelewa sharti hili ataumia, na bora akose mbinu kuliko kuitumia pasipo mahali pake.

Wala usidhani kwamba udhaifu huu ni wa wanaoanza. Novemba 2014, katika pambano la sita la kuwania ubingwa wa dunia mjini Sochi, Urusi, bingwa mtetezi Magnus Carlsen alimpeleka mfalme wake d2, na kwa hatua hiyo akampa mpinzani wake, Viswanathan Anand, nafasi ambayo wachezaji wengi wa vilabu wangeipata kama wangepewa iwe zoezi. Farasi wa Anand angemla askari wa e5, na hata ngome nyeupe ikila ngome ya g8, farasi huyo angemla askari wa c4 kwa cheki, atoe cheki nyingine kutoka b2, ndipo ngome ya pili iilipize ile ya kwanza. Anand alisogeza askari a4. Carlsen akashinda pambano hilo, na baadaye akautetea ubingwa. Katika zoezi mtu anaambiwa kwamba kuna kitu cha kutafuta. Katika pambano hakuna wa kumwambia, na mpinzani anapoheshimika sana tunamwamini kwamba hakukosea. Kila mpinzani anapoinua mkono kutoka kwenye kete, ziulize hatua zako zote za cheki na za kula, hata zile zinazoonekana za kipuuzi.

SWALI: Injini hunihesabia nafasi nyingi nilizozikosa katika pambano moja. Je, nizichambue zote? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapana. Alama moja ya injini ni takriban thamani ya askari mmoja, kwa hiyo ukishuka kutoka +9 hadi +6 bado unashinda na hakuna cha kuhangaikia. Achana pia na mistari mirefu ya hatua nane ambayo hata mwalimu wako asingeiona. Chagua moja au mbili ambazo zilibadilisha mwelekeo wa pambano na ambazo ufumbuzi wake ni hatua mbili au tatu. Usisahau kutazama na zile alizozikosa mpinzani wako, maana kila moja ni kosa lako ambalo halikuadhibiwa, na ushindi huyaficha makosa hayo kwa urahisi sana.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Nacheza mapambano ya dakika tatu tu, kwa sababu ndiyo muda nilio nao. Je, kujichambua kutanisaidia? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kutasaidia kidogo tu, kwa sababu katika dakika tatu mkono hutangulia fikra, na ukirudi kutafuta ulichokuwa unafikiri mara nyingi hukuti chochote cha kuandika. Katika muda huohuo wa mapambano matano ya haraka, cheza moja la dakika kumi na tano kwa kila upande mwishoni mwa wiki. Hifadhi picha ya ubao wa kila nafasi uliyoikosa bila kuandika jibu, uitatue upya baada ya wiki moja, na ukishindwa mara ya pili, peleka ubao huo kwa mwenzako shuleni mkautafute wote wawili kabla ya kuiuliza injini.