Antena ya redio: bampa, keria ama madigadi?

SWALI: Assalam aleykum mhariri. Mie nna Land Rover Defender 110 ya zamani, juu ina keria na tenti imejaa paa zima. Nataka kufunga redio kol ya VHF (masafa ya redio za mawasiliano ya karibu) maana tukiingia Tsavo Mashariki na wenzangu netiwaki ya simu inakatika. Fundi wangu Changamwe asema bampa ya mbele, mwengine asema ninunue ya sumaku niibandike juu. Nimshike yupi?
Msomaji, Bamburi

JIBU: Waaleykum salaam ndugu yangu. Ya sumaku achana nayo kabisa, bodi ya Defender hizo ni aluminiamu na sumaku haishiki aluminiamu.

Bampa nayo siipendi. Fundi anapata kazi rahisi, sawa, lakini antena inakaa chini na bodi yote iko nyuma yake inaziba, sasa wenzako walio nyuma kwenye msafara watakupata kwa shida na ndo hao hao unaowahitaji ukizama mchangani.

Pazuri kuliko pote ni katikati ya paa. Antena ya robo wimbi, yaani urefu wake ni robo ya wimbi la redio, kwa masafa ya 150 MHz ni sentimita 50, yataka bati chini yake karibu urefu huo huo kila upande, lile bati ndo nusu yake ya pili. Lakini kwako tenti imeshakalia hapo, kwa hiyo mie ningefunga juu ya madigadi karibu na kioo cha mbele, na nichukue ya nusu wimbi, kama mita 1 hivi, hiyo haitegemei bati sana. Pembe ya mbele ya keria pia yawezekana, iko juu zaidi, ila matawi ya migunga yataipiga kila saa na rangi ya keria haipitishi umeme, itabidi ukwangue na uvute waya wa athi mpaka kwa bodi.

Na chumvi jamani! Sisi wa Pwani hili tunalipuuza sana. Bolti ya chuma ikikaa kwa aluminiamu na hewa ya bahari, aluminiamu inaliwa, unaona unga mweupe, na athi inapotea polepole bila wewe kujua. Piga msasa mpaka aluminiamu tupu ionekane, kaza, halafu ndo upake grisi juu, na maungio ya kebo uyafunge kwa tepu ya mpira maji yasiingie.

Ukimaliza pima SWR, kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwa antena, tenti ikiwa juu na milango imefungwa. Chini ya 1.5 safi, ikifika 3 usibonyeze kuongea, nguvu inarudi na yaweza kuunguza redio. Leseni ya masafa inatoka Communications Authority, mamlaka ya mawasiliano ya Kenya, itafute mapema.

SWALI: Na Toyota Prado je, antena ya sumaku itafaa?
Msomaji, Likoni

JIBU: Inafaa, paa lake ni chuma. Ibandike katikati, na ukirudi nyumbani itoe ufute chini yake, mchanga na chumvi vikibaki pale vinakwaruza rangi na kutu inaanzia hapo hapo.